Roboti Mettaton: aigizwe na mtu mmoja au wawili? Wa Tanga naombeni mawazo

#1 Shangazi wa Makorora

Wakuu, heshima mbele. Nipo Makorora, Tanga mjini. Kila Idi pili watoto wa mtaa wetu hucheza igizo uwanjani, sisi wakubwa tunachanga turubai, viti na soda. Safari hii mpwa wangu wa miaka 15 kaja na wazo lililozua kambi mbili, nataka msaada wenu kabla hawajashikana mashati.

Anataka waigize kipande cha mchezo wa kompyuta wa Undertale, pale penye roboti aitwaye Mettaton. Kwa asiyemjua: ni roboti wa burudani, mtangazaji wa televisheni huko chini ya mlima wanakoishi mazimwi. Chemsha bongo yeye, mapishi yeye, taarifa ya habari yeye. Mwanzoni ni sanduku la chuma lenye vitaa mbele, mikono miwili ya glavu nyeupe, na chini gurudumu moja tu. Mgongoni ana swichi. Ikibonyezwa, sanduku linageuka kiumbe mwenye umbo la mtu: miguu mirefu ndani ya buti za pinki, nywele nyeusi zimefunika jicho moja. Na usemaji wake unabadilika.

Mpwa wangu anasema aigize yeye peke yake, sanduku na kiumbe. Wenzake wanataka wawili: kijana mnene mwenye sauti nzito akae ndani ya sanduku, kisha atoke binti mwenye sauti laini. Mimi nipo na mpwa wangu. Roho ni ile ile, kwa nini watu wawe wawili? Lakini hoja ya kuwanyamazisha sina. Nisaidieni.

#2 Fundi Redio

Dada, wawili. Nina miaka mingi na spika, nakwambia kwa uzoefu. Huyo roboti alitengenezwa toka mwanzo na daktari Alphys, akamtia akili na maumbo mawili. Maumbo mawili ni mashine mbili, na kila mashine ina sauti yake. Sauti inatoka kwenye boksi inamotokea. Spika ile ile ukiihamisha toka boksi la mbao kwenda boksi la bati, hutaijua.

Na mtoto mmoja kubadilisha nguo mbele ya watu dakika nzima, watazamaji watakwenda kununua karanga.

#3 Kijana Raskazone

Fundi nakuheshimu ila hapo umeteleza. Alphys alijenga mwili tu. Aliyeko ndani alikuwepo kabla ya mwili. Ni mzuka. Alikuwa anaishi nyumba ya jirani na binamu yake Napstablook, wote mizuka, wana shamba la konokono la ukoo. Shajara zake zipo nyumbani kwake, ukipata ufunguo unazisoma. Alikuwa na hamu ya mwili unaomfaa, akakutana na Alphys kwenye klabu ya wapenzi wa mambo ya binadamu, yule akamchorea michoro ya mwili. Akahama, akamwacha binamu yake na konokono wote.

Kwa hiyo "alimtia akili" futa. Mchezo ulitoka tarehe 15 Septemba 2015, nimeucheza mara nyingi tu, niulizeni.

#4 Nyota ya Chumbageni

Kijana, na hiyo sauti inabadilikaje? Mwanangu anaucheza kwenye simu ya baba yake na mimi sijasikia mtu akizungumza humo. Maandishi na mlio wa titititi.

#5 Kijana Raskazone

Mama umesikia sawasawa. Mazungumzo ni maandishi. Sauti ya Mettaton iko kwenye herufi. Akiwa sanduku anaandikiwa HERUFI KUBWA TUPU, kama mtu anayetangaza mnada Mgandini. Swichi ikibonyezwa, herufi zinashuka, anazungumza kama mtu aliyekaa karibu na wewe. Mimi mara ya kwanza nilitulia nikaacha kubonyeza. Nilijua kabla ya kuliona umbo.

#6 Bi Mkubwa Ngamiani

Nilikuwa napita tu, lakini kijana wa Raskazone kanikalisha. Kumbe huyo ni mzuka aliyeingia kwenye chuma! Sasa hilo mbona sisi tuna jina lake siku zote. Hicho chuma ni kiti.

Wadogo wasiojua: pepo akipanda kwa mtu, yule mtu huitwa kiti. Pepo mwenyewe husema "kiti changu kinaumwa", "kiti changu kinataka marashi". Nikiwa mtoto, barabara ya 12, tulikuwa na jirani mpole, sauti yake ukiisikia mpaka usogeze sikio. Siku ya ngoma yake, ubani ulipokolea, ikatoka sauti ya mzee wa kiume, anaamrisha, anataka fimbo, na watu wazima wanamwamkia. Mwili ule ule, kanga zile zile. Asubuhi akaja kwetu kuazima chumvi na sauti yake ndogo.

Basi mtu mmoja anatosha, shangazi. Kiti kimoja hubeba sauti hata nne.

#7 Ustadhi Mdogo

Assalaam alaykum. Mimi nina ombi moja tu. Watoto waambiwe wazi kwamba ile ni hadithi. Mambo ya pepo watu wameumia nayo, wametapeliwa nayo, tusiyalete uwanjani siku ya Idi kama burudani. Roboti sawa, mzuka wa kwenye mchezo sawa, ubani hapana.

#8 Nyota ya Chumbageni

Ustadhi hapo nakuunga mkono. Ila Bi Mkubwa naona umeigeuza. Wewe jirani yako alikuwa kiti kimoja na pepo akawa mgeni. Huyu Mettaton pepo ni mmoja, viti ndiyo viwili: sanduku, halafu yule mrefu wa buti. Kwa kanuni yako mwenyewe wanahitajika watoto wawili, na sauti moja ndani yao wote!

#9 Bi Mkubwa Ngamiani

Binti umesoma wapi weye. Ngoja nifikiri.

#10 Kijana Raskazone

Viti si viwili. Ni mwili ule ule mmoja, umekunjwa ndani ya sanduku. Ndiyo maana kuna swichi. Tena namna ya kuifikia ni nzuri kuigiza: mchezaji anamwambia "nyuma yako kuna kioo". Yeye kwa kupenda kuonekana anageuka kujitazama, mgongo unabaki wazi, unabonyeza. Alphys ndiye anayekupa mbinu hiyo kwa simu.

#11 Mjukuu wa Manamba

Shangazi, mimi naingia na la nyumbani kwetu. Babu yangu mzaa baba alitoka Newala kuja kukata mkonge huku Tanga. Manamba. Waliitwa hivyo kwa sababu kila mtu alipewa namba, jina lake likabaki kijijini. Nasikia neno roboti lenyewe lilianza kwa mwandishi wa Kicheki Karel Čapek mwaka 1920, kutoka neno lao *robota*, maana yake kazi ya kulazimishwa, ile wazee wetu waliyoiita shokoa. Kwa hiyo roboti ni manamba tangu siku ya jina. Huyu Mettaton amenivutia kwa kuwa ni roboti aliyekataa kukata mkonge, anataka jukwaa.

Sasa babu mchana alikuwa namba, lakini msimu wa jando ukifika alikuwa lipiko. Mapiko yetu Wamakonde, mchezaji anavaa kinyago cha mti mwepesi kichwa kizima, anachungulia kupitia mdomo wa kinyago, mwili wote umefunikwa nguo na njuga, hata kidole hukioni. Watoto na wanawake hawakutakiwa kujua ni nani. Mwaka mmoja anatoka na uso wa mzee, mwaka mwingine uso wa mwanamke mwenye ndonya.

Bibi alituambia akiwa mzee sana, babu ameshafariki: "Mimi nilimjua kila mwaka. Alikuwa anakanyaga kwa kisigino cha kushoto kwanza." Hakuwahi kumwambia. Alimwachia siri yake maisha yote.

Kwa hiyo mimi nasema mtu mmoja. Uso utabadilika, nguo zitabadilika, lakini kuna kitu kinachovuka upande wa pili, na aliyezoea atakiona. Mkiweka watu wawili, hicho mtakikosa.

#12 Shangazi wa Makorora

Mjukuu, nimesoma hii nikiwa naosha vyombo nikakaa chini. Ahsante.

#13 Fundi Redio

Mjukuu hiyo ya kisigino imeniingia, sikatai. Lakini lipiko hasemi! Anacheza tu, ngoma ndizo zinazosema. Tatizo letu hapa ni sauti.

Nieleze kwa nini siyo rahisi. Sauti ya mtu ina mambo mawili. Kuna nyuzi za kooni zinazotetema: mwanamume mzima kama mara 120 kwa sekunde, mwanamke kama 200. Halafu kuna njia ya hewa kutoka kooni mpaka midomoni, kwa mwanamume kama sentimita 17, mwanamke fupi kidogo. Ile njia ndiyo boksi la spika. Nyuzi zinakupa wembamba au unene, boksi linakupa "huyu ni nani".

Zile programu za simu za kubadili sauti nyingi zinakimbiza vyote viwili pamoja, ndiyo maana unasikika kama panya. Ukitaka mtu aseme kwa sauti ya mtu mwingine kweli kweli, lazima ubadilishe boksi peke yake na nyuzi peke yake. Mwaka 1939 kwenye maonyesho ya dunia ya New York, maabara ya Bell walileta mashine iitwayo Voder, inasema maneno. Mbele yake amekaa mwanamke anabonyeza vitufe kama kinanda, kifundo cha mkono kinachagua mvumo au mfoko wa hewa, mguu uko kwenye pedali ya kupandisha na kushusha sauti. Kujifunza kuipiga ilichukua kama mwaka mzima. Mwaka, dada! Na wewe Idi ni lini?

#14 Mpenda Tarabu

Fundi umenena ila umesahau mji unaokaa. Tanga hii ya vikundi vya tarabu Black Star na Lucky Star, Tanga ya mwimbaji Shakila, tunaulizana kama sauti inaweza kubadilika bila mtu kubadilika? Mwimbaji wa tarabu anasimama palepale, kashika leso, hatikisi hata bega, na sauti inatoka kuwa mke aliyeachwa, mara mama, mara yule jirani anayesemwa. Hapana aliyeleta waimbaji watatu.

Na jambo jingine. Mwanangu kanionyesha lile pambano lake. Huyu roboti hapiganii kushinda, anapigania watazamaji. Kuna namba ya watazamaji inapanda ukipiga pozi, ukijigamba, ukivaa kitu kipya. Katikati ya vita anakutaka uandike insha kuhusu unachokipenda kwake! Hiyo ni tunza. Mtu anakwenda mbele na noti yake, anamwekea mwimbaji kwenye paji la uso, na sauti inapanda daraja. Kwa hiyo sauti yake inabadilishwa na sisi tuliokaa kwenye viti. Mngewapanga watoto wa mbele wawe wanamtuza, mngeona.

#15 Kijana Raskazone

Mpenda Tarabu umeona kitu ambacho mimi mchezaji sikukiona. Nakazia.

Na mwisho wa lile pambano, namba zikishafika, simu za mashabiki zinafunguliwa. Mpigaji wa kwanza hajitaji jina. Anaongea kidogo kidogo kwa haya, anasema vipindi vyake vilimfurahisha. Ukishakutana na Napstablook unamtambua hapo hapo. Yule aliyeachwa na konokono anampigia ndugu yake aliyebadilika umbo, jina na kila kitu. Mettaton anaghairi kwenda kwa binadamu, anabaki na watu wake. Halafu betri inaisha, kwa kuwa umbo lile la buti linakula umeme kupita kiasi.

#16 Fundi Redio

Kumbe hata huko.

#17 Msanii Bagamoyo

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Nimesomea sanaa za maonyesho na ninafundisha vijana, naomba niongeze njia ya tatu maana naona mnavutana kwenye mbili.

Wajapani wana sanaa ya vikaragosi iitwayo *bunraku*. Kikaragosi kimoja kikubwa kinashikwa na watu watatu: mmoja kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Hakuna hata mmoja anayefungua mdomo. Pembeni ya jukwaa amekaa msimuliaji, *tayu*, na yeye ndiye sauti ya wote: mtoto, bibi, mpiganaji. Na kuna kichwa kimoja kinaitwa *gabu*. Ni uso wa mwanamke mzuri, ukivuta uzi mdomo unapasuka mpaka masikioni, pembe zinachomoza. Uso unageuka, lakini sauti inatoka palepale ilipokuwa.

Kwa hiyo shangazi: watoto wawili kwenye miili, na mtoto wa tatu nyuma ya pazia na maikrofoni, sauti zote mbili yeye. Dada wa Chumbageni pale #8 aliliona hili bila kwenda Japani.

#18 Nyota ya Chumbageni

Jamani! Ahsante mwalimu, nimemsomea mume wangu.

#19 Mjukuu wa Manamba

Mwalimu wa Bagamoyo, inapendeza, lakini utamwambiaje mtoto aliyevaa buti za pinki asimame mbele ya mtaa mzima mdomo wazi na sauti ya mwenzake inatoka kwenye spika? Wajapani watazamaji wao wamezoea. Wa Makorora watauliza "mbona anapumua wakati anaongea?"

#20 Msanii Bagamoyo

Atafunikwa jicho na nywele, tumfunike na mdomo kwa upepeo wa mkono. Nimewahi kufanya hivyo kwenye igizo la ngano na hakuna aliyeuliza. Ila nakubali, kwa roboti huyu uso una kazi kubwa. Anaupenda uso wake. Kumfunika ni kumnyima.

#21 Nahodha Pangani

Nimeona mkonge umetajwa. Mnajua mkonge wenyewe Mjerumani Hindorf aliuleta 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa huku kwetu karibu na Pangani? Kutoka 62 hadi mashamba yale yote.

#22 Shangazi wa Makorora

Nahodha karibu, ila tukifika kwenye mkonge hatutarudi. Mjukuu asije akaanza tena nikalia.

Wakuu, kuna jambo nimeligundua tangu aandike Fundi pale #13. Nilimsomea mpwa wangu yale ya nyuzi za kooni. Alinyamaza. Halafu akaniuliza kama nyuzi hizo hurefuka. Nikamjibu sijui, tumuulize Fundi. Akasema, "basi niwaandikie mwenyewe?" Nimempa simu. Mpokeeni vizuri.

#23 Shangazi wa Makorora (mpwa ndiye anaandika)

Shikamooni wote. Mimi ndiye niliyeleta wazo la Mettaton. Sikumwambia shangazi sababu. Sauti yangu imeanza kukwaruza tangu mfungo. Nikisoma darasani inaanza nzito katikati inapanda juu na watu wanacheka, kwa hiyo nimeacha kunyoosha mkono. Nikiwa peke yangu nimejifunza kuikamata. Nikibana hapa chini inakuwa ya sanduku, nikiachia inakuwa ile ya juu. Nataka nizitumie zote mbili kabla moja haijaondoka. Najua wenzangu wana haki, yule binti anaimba vizuri kuliko mimi. Sanduku nimeshalitengeneza, la televisheni ya zamani, vitaa nimepewa na fundi wa bodaboda, gurudumu la kiti cha ofisi. Buti ni gambuti za mjomba nimezipaka rangi. Swali langu kwa Fundi ni je, zikirefuka kabisa ile ya juu inarudi?

#24 Fundi Redio

Marahaba mwanangu. Ndiyo, hurefuka na kuwa nene, na kooni panashuka chini, boksi lenyewe linakua. Ile ya juu haipotei yote, wanaume wazima wanaimba kwa sauti ya juu kila siku. Lakini haitakuwa ile ile ya sasa.

Nimebadilisha nusu ya msimamo wangu. Nusu iliyobaki ni hii: mbele ya watu, na woga, itakukatikia katikati ya sentensi na huwezi kuizuia. Hilo nakwambia kwa kukupenda. Ndiyo maana bado nasema binti awe tayari nyuma ya pazia.

#25 Bi Mkubwa Ngamiani

Ikatike! Kwani jirani yangu sauti ilishuka kwa ngazi? Ilikatika, ikakoroma, ndipo mgeni akaingia. Swichi ibonyezwe wakati huo huo inapokatika, na watu watajua kitu kimeingia.

Marahaba mjukuu wangu. Mimi ntakaa mbele.

#26 Msanii Bagamoyo

Bi Mkubwa, hilo likipangwa halitokei. Sauti ya kijana haifuati mazoezi. Hoja ya Fundi ina uzito.

#27 Mpenda Tarabu

Na yule binti anayeimba vizuri afanye nini, akae pazia hadi lini? Yeye naye ana Idi yake. Mpeni ile simu ya mwisho, ya mpigaji wa kwanza. Ni maneno machache na ndiyo magumu kuliko yote.

#28 Kijana Raskazone

Napstablook aigizwe na binti mwenye sauti laini??? Mpenda Tarabu mimi nimesimama.

Mdogo wangu, box lina vitaa vingapi? Kwenye mchezo ni vyekundu na vya njano. Ninavyo vya njano vimebaki kwenye baiskeli yangu, nipo Raskazone, nitaviacha kwa shangazi kesho jioni.

#29 Mjukuu wa Manamba

Na mtu amtazame anavyokanyaga akiwa ndani ya sanduku. Usibadilishe huo mwendo ukivaa buti, mdogo wangu.

#30 Shangazi wa Makorora

Ahsanteni. Mazoezi ya jana waligawanyika tena: binti kaikubali simu ila anasema na kiumbe cha buti bado ni chake, yule mnene kasema sanduku limeshatengenezwa kwa vipimo vya mpwa wangu na yeye haingii, na mpwa wangu sauti ilimkatikia mara tatu. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Nimewaambia waendelee leo alasiri, mimi nafuata turubai.

Fundi, ile maikrofoni yako isiyo na waya inapatikana?